Maji ya Kinjeketile na Karatasi za Notisi: Uhakiki wa Miongozo ya Fasihi kwa Kumzingatia Msomaji wa Nizi

1.0 Utangulizi

Miongoni mwa maandishi yanayosomwa sana na wanafunzi wa vyuo vya Afrika ya Mashariki na ya Kati, ipo aina moja ambayo wahakiki wamezoea kuipita kimya. Aina hiyo ni notisi za masomo. Nchini Kenya notisi za fasihi hupigwa chapa na kuuzwa madukani kwa jina la miongozo. Katika vyuo vya Tanzania wanafunzi huziita madesa. Katika vyuo vya Kongo huitwa silabusi, neno ambalo huko halina maana ya mpango wa mafunzo kama lilivyo kwa majirani, bali ni kozi nzima ya mhadhiri iliyotolewa nakala na kuuzwa kwa wanafunzi. Majina ni matatu lakini kitu ni kimoja: maandishi mafupi yanayosimama kati ya msomaji na kazi ya sanaa, yakidai kusema kwa kurasa chache kile ambacho kazi yenyewe imekisema kwa kitabu kizima, kwa jukwaa au kwa picha.

Maoni juu ya notisi hugawanyika katika makundi mawili. Wapo wanaozilaani kwa hoja kwamba zinalea uvivu na kuua usomaji wa vitabu. Wapo pia wanaozitetea kwa hoja kwamba pasipo na vitabu, notisi ni afadhali kuliko mikono mitupu. Kila upande una haki yake, lakini pande zote mbili zinajadili matumizi ya notisi tu. Ni nadra kuona mtu akizisoma notisi zenyewe kama matini yenye umbo lake, historia yake na msimamo wake.

Makala haya yanakusudia kufanya hivyo. Hoja yake ni kwamba kasoro kubwa ya notisi za fasihi haitokani na ufupi wake. Inatokana na tabia yake ya kulifunga swali ambalo kazi ya fasihi imeliacha wazi kwa makusudi. Na anayepata hasara kubwa zaidi ni msomaji aliye mbali na mahali notisi zilipoandikwa, kwa kuwa yeye ndiye mwenye jibu ambalo mwandishi wa notisi hakulifikiria. Ili hoja hiyo isibaki hewani, makala yamechagua kazi moja na msomaji mmoja. Kazi ni tamthilia ya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyotolewa mwaka 1969. Msomaji ni mwanafunzi wa chuo anayetoka Nizi, katika wilaya ya Djugu, kaskazini mwa mji wa Bunia.

Nizi imechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, ipo pembezoni mwa ramani ya fasihi ya Kiswahili. Ni sehemu ya nchi ya dhahabu ya Kilo, ambako madini hayo yaligunduliwa mwaka 1903. Kilendu na lugha nyingine husemwa nyumbani, Kiswahili husemwa sokoni na machimboni, na Kifaransa hutawala darasani. Kitabu cha Dar es Salaam au cha Nairobi hakifiki huko kwa urahisi. Karatasi ya nakala hufika. Pili, kama itakavyoonyeshwa katika sehemu ya tano, tamthilia ya Kinjeketile inagusa jambo ambalo watu wa Ituri hawalijui kwa kusoma tu.

2.0 Notisi kama matini

Kabla ya kuhakiki notisi za fasihi, yafaa kukumbuka kwamba taaluma ya isimu yenyewe imejengwa juu ya notisi. Ferdinand de Saussure alitoa mihadhara yake mitatu ya isimu ya jumla mjini Geneva kati ya mwaka 1907 na 1911. Alifariki mwaka 1913 bila kuandika kitabu juu ya somo hilo. Kitabu kinachosomwa kwa jina lake, kilichotoka mwaka 1916, kilitungwa na Charles Bally na Albert Sechehaye, wakisaidiwa na Albert Riedlinger, kutokana na madaftari ya wanafunzi. Bally na Sechehaye wenyewe hawakuhudhuria mihadhara hiyo. Kwa maneno mengine, kila mwanafunzi wa isimu, awe Kisangani, Lubumbashi au Dar es Salaam, huanza masomo yake kwa kusoma notisi za wanafunzi wa watu wengine.

Kisa hicho kina mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba notisi zinaweza kuwa na thamani kubwa. Bila madaftari yale, mawazo ya mwalimu yangepotea pamoja naye. La pili ni kwamba notisi hazinakili tu, bali huamua. Robert Godel alipoyachunguza madaftari hayo na kutoa matokeo yake mwaka 1957, ilibainika kwamba wahariri walikuwa wamepanga upya hoja, wameunganisha kozi tatu zilizotofautiana, na mahali pengine wametia uhakika pale ambapo mwalimu alisitasita. Hata sentensi mashuhuri inayofunga kitabu, ambayo vizazi vya wanafunzi vimeikariri kama kauli ya Saussure, haimo katika madaftari ya waliomsikiliza.

Jambo la kutiliwa mkazo hapa ni kusitasita huko kulikofutwa. Mwalimu alikuwa bado anatafuta. Notisi zikasema amekwisha pata. Mwelekeo huu haukuwa hila ya wahariri wale wawili. Umo katika maumbile ya utanzu wenyewe. Anayeandika notisi humwandikia mtu anayetaka kushika, na kinachoshikika ni jibu. Shaka haikaririki.

3.0 Kutoka hoja hadi jedwali

Notisi za fasihi ya Kiswahili zina umbo linalotambulika mara moja. Kazi hugawanywa sehemu mbili, maudhui na fani. Chini ya maudhui huorodheshwa dhamira, migogoro, ujumbe, falsafa, mtazamo na msimamo wa mwandishi. Chini ya fani huorodheshwa muundo, mtindo, wahusika, mandhari, matumizi ya lugha na jina la kitabu. Mwisho huwekwa kufaulu na kutofaulu kwa mwandishi. Mpangilio huu ni ule ule kwa riwaya, tamthilia na ushairi, na ni ule ule kwa mwandishi wa Zanzibar na wa Ukerewe.

Umbo hilo halikushuka kutoka mbinguni. Limetokana na mjadala mzito wa miaka ya 1970 na 1980, hasa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, juu ya uhusiano wa fasihi na jamii. Penina Muhando na Ndyanao Balisidya walichangia mjadala huo katika Fasihi na Sanaa za Maonyesho (1976), F.E.M.K. Senkoro katika Fasihi (1982), na baadaye Mbunda Msokile katika Misingi ya Uhakiki wa Fasihi (1993). Kwa wahakiki wa kizazi hicho, maneno dhamira na msimamo yalikuwa silaha za kubishana. Kuuliza msimamo wa mwandishi kulikuwa ni kuuliza yuko upande gani katika jamii iliyogawanyika, na swali hilo liliweza kumkasirisha mtu. Tena walisisitiza kwamba fani na maudhui havitengani: kinachosemwa hakiwezi kung'olewa kutoka katika namna kinavyosemwa.

Katika notisi, silaha hizo zimegeuka kuwa masanduku. Fani na maudhui, ambavyo wahakiki walisema havitengani, vimetenganishwa kwa mstari wa kalamu katikati ya ukurasa. Msimamo, ambao ulikuwa swali, umekuwa nafasi ya kujaza, na neno la kuijaza linajulikana hata kabla ya kitabu kufunguliwa: msimamo wa kimapinduzi au msimamo wa kihafidhina. Mwanafunzi huulizwa ajaze sanduku. Haulizwi kama kazi anayoisoma inakubali kuingia katika sanduku hilo. Hapa ndipo penye tofauti kati ya uhakiki na urithi wa uhakiki. Jedwali limeyahifadhi majina ya maswali ya zamani, lakini halikuhifadhi ubishi uliozaa maswali hayo.

Sanaa za macho na sikio huathirika vibaya zaidi. Filamu ya La vie est belle (1987), iliyoongozwa na Mwezé Ngangura pamoja na Benoît Lamy, inaweza kufupishwa kwa sentensi mbili: mwanamuziki maskini kutoka kijijini anakwenda Kinshasa kutafuta bahati, naye anakutana na mapenzi na misukosuko. Hayo yakiandikwa chini ya neno maudhui, mtihani unaweza kujibiwa. Lakini mhusika mkuu anaigizwa na Papa Wemba, na kile kinachomfanya mtazamaji aamini kwamba kijana huyo anastahili bahati yake ni sauti yake anapoimba. Sauti haina sanduku katika jedwali. Aliyesoma notisi bila kuona filamu anajua yaliyotokea, ila hajui kwa nini mtu yeyote angejali yatokee.

4.0 Kinjeketile ndani ya jedwali

Kinjeketile inafaa kuwa kipimo cha jedwali kwa sababu ni miongoni mwa tamthilia za Kiswahili zilizofundishwa na kuandikiwa notisi kwa muda mrefu. Matukio yake yamejengwa juu ya Vita vya Maji Maji vilivyopiganwa dhidi ya utawala wa Wajerumani kusini mwa Tanganyika kuanzia mwaka 1905 hadi 1907. Kinjikitile Ngwale wa historia, mganga wa Ngarambe aliyegawa maji ya kuwakinga wapiganaji, alinyongwa Agosti 1905, vita vikiwa ndiyo kwanza vimeanza. Hussein mwenyewe ametahadharisha katika utangulizi wake kwamba mhusika wake si mtu yule wa historia, bali ni kiumbe cha ubunifu.

Notisi za tamthilia hii, zikilifuata jedwali, kwa kawaida husema hivi: dhamira kuu ni ukombozi, dhamira ndogondogo ni umoja, unyonyaji, imani za jadi na nafasi ya mwanamke, ujumbe ni kwamba umoja ni nguvu, maji ni ishara ya umoja, msimamo wa mwandishi ni wa kimapinduzi. Hakuna hata moja kati ya kauli hizo iliyo uongo. Makabila yaliyokuwa yakigombana yanaungana kwa sababu ya maji. Wananchi wanalazimishwa kulima pamba ya mkoloni huku mashamba yao wenyewe yakiwa na njaa. Mwandishi wazi hayuko upande wa Wajerumani.

Hata hivyo, kauli hizo zote zikikusanywa pamoja haziigusi tamthilia pale inapouma. Kinjeketile anatoka mtoni akiwa na maji na ujumbe wa umoja, lakini katika ujumbe huo mna neno linalomtia hofu baadaye: kwamba baada ya ushindi watu watakuwa watoto wa Seyyid Said. Anayekombolewa kutoka kwa bwana mmoja anakabidhiwa kwa bwana mwingine. Je, sauti aliyoisikia ilikuwa ya Hongo, au alidanganywa, au alijidanganya? Kinjeketile hajui. Anaomba vita vicheleweshwe ili watu wafundishwe kupigana. Watu hawawezi tena kusubiri, kwa sababu neno alilolisema limekwisha kuwa lao, na linamshinda nguvu yeye aliyelitamka. Vita vinaanza, na bunduki zinawaangusha watu walioamini kwamba risasi zitageuka maji.

Mwishoni, Kinjeketile yumo kifungoni. Anatakiwa aseme kwamba maji yalikuwa uongo. Mwenzake Kitunda, ambaye ameona kwa macho yake jinsi watu walivyokufa, anamshauri akubali. Anakataa. Akikiri, Wajerumani watasema kwamba vita vyote vilikuwa kosa, na vizazi vijavyo vitafundishwa kwamba wazee wao walikosea kupigana. Asipokiri, anaacha hai imani iliyowapeleka watu mbele ya bunduki bila kinga. Tamthilia inafungwa hapo, na haisemi nani kati ya Kinjeketile na Kitunda yuko sahihi.

Katika sanduku la msimamo pataandikwa nini? Kama mwandishi yuko pamoja na Kinjeketile, basi uongo uliozaa umoja ni halali, na swali la waliokufa linabaki bila jibu. Kama yuko pamoja na Kitunda, basi ukweli ni bora hata ukimfaa adui. Neno kimapinduzi halichagui kati ya hayo mawili. Linaificha tu haja ya kuchagua. Vivyo hivyo, kusema kwamba maji ni ishara ya umoja ni kuyaondoa maji mikononi mwa watu waliojipaka, na kuyaweka salama ndani ya istilahi. Kwa wahusika wa tamthilia maji hayakuwa ishara. Yalikuwa maji, na yalikuwa ama yanafanya kazi ama hayafanyi. Na mtu aliyetaka kujua alikuwa na njia moja tu ya kuyapima.

5.0 Mai na maji: msomaji wa Nizi

Sasa na aletwe msomaji wa Nizi, akiwa na karatasi zake za nakala. Katika Kiswahili cha sehemu nyingi za Kongo ya Mashariki, maji huitwa mai au mayi. Hiyo ndiyo tofauti ya kwanza anayokutana nayo, nayo kwa macho ya mwanaisimu ni ndogo: sauti moja imeshuka njiani, nayo ni tofauti ndogo kama zile za watu wanaposema bitu badala ya vitu, au niko mwalimu badala ya ni mwalimu. Lakini tofauti hiyo ndogo inafungua mlango mkubwa. Maji Maji na Mai-Mai, kwa masikio yake, ni jina moja katika lahaja mbili.

Mwaka 1964, wapiganaji wa Simba walioteka Stanleyville, Kisangani ya leo, walinyunyiziwa maji na kupewa dawa za kuzuia risasi, wakaenda vitani wakipaza sauti ya Mai Mulele, kwa jina la kiongozi aliyekuwa akipigana mbali sana, huko Kwilu. Uasi huo ulienea hadi kaskazini-mashariki ya nchi, Ituri ikiwamo. Tangu miaka ya 1990, vikundi vya Kivu vilivyojulikana kwa jina la Mai-Mai vimeitwa kwa maji hayo hayo. Ng'ambo ya mpaka, nchini Uganda, wafuasi wa Alice Lakwena walipakwa mafuta yaliyoaminiwa kuzuia risasi, wakasonga mbele hadi waliposhindwa karibu na Jinja mwaka 1987. Na katika vita vya Ituri vya 1999 hadi 2003 dawa za kinga zilikuwapo pia. Zilitajwa hata mbele ya majaji wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai mjini The Hague, katika kesi ya shambulio la Bogoro la tarehe 24 Februari 2003. Bogoro haiko mbali na Bunia.

Haidaiwi hapa kwamba vita hivyo vyote vina chanzo kimoja, wala kwamba jina moja lilizaa jingine. Maji Maji ilipigana na mkoloni. Vita vya Ituri viliwakutanisha majirani, na machafuko yaliyorudi Djugu tangu mwishoni mwa mwaka 2017 yamewafukuza majirani hao hao makwao. Tofauti hiyo ndiyo hasa inayompa msomaji wa Nizi swali ambalo notisi hazikulitazamia. Notisi zinamwambia kwamba maji huleta umoja. Yeye anajua kwamba dawa ya vita inaweza kuwaunganisha watu wa upande mmoja dhidi ya watu wa kijiji cha pili. Umoja ambao mpaka wake ni jirani ni umoja wa namna gani? Swali hilo si geni kwa tamthilia. Limo ndani yake, katika ule ujumbe wa Seyyid Said unaomnyima Kinjeketile usingizi: kwamba kitu kile kile kinachofungua mnyororo mmoja kinaweza kufunga mwingine.

Ndivyo hivyo hata kwa uamuzi wa mwisho wa Kinjeketile. Mwanafunzi wa mahali penye amani anaweza kuusifu kwa wepesi kama ushujaa. Mwanafunzi aliyekulia kwenye barabara ya Bunia na Nizi ana sababu ya kumsikiliza Kitunda kwa makini zaidi, maana ni Kitunda anayewahesabu waliokufa. Huenda baada ya kumsikiliza bado atasimama na Kinjeketile. Huenda hatasimama naye. Vyovyote atakavyoamua, uamuzi wake utakuwa usomaji wenye uzito, tena usomaji ambao mhakiki wa Dar es Salaam au wa Nairobi angefaidika kuusikia.

Lakini karatasi aliyonayo imekwisha mwamulia. Imempa neno kimapinduzi, naye atalirudisha neno hilo kwenye karatasi ya mtihani kama alivyolipokea. Alichokijua kabla ya kuingia darasani hakikupata pa kuwekwa. Hasara hii haionekani katika alama zake. Pengine amefaulu vizuri. Aliyepoteza ni fasihi ya Kiswahili, ambayo ilikuwa karibu kupata msomaji mpya ikaishia kupata mkariri mmoja zaidi. Wanaozilaani notisi husema mwanafunzi hakukisoma kitabu. Kwa mfano huu, lalamiko zito zaidi ni kwamba notisi hazikumpa kitabu nafasi ya kumsoma mwanafunzi.

6.0 Notisi zinazoacha mlango wazi

Je, basi notisi ziachwe? Pendekezo hilo ni rahisi kwa mwenye maktaba. Kwa vyuo vingi vya Kongo ya Mashariki lina maana ya kuliacha somo lenyewe. Isitoshe, ipo mifano inayoonyesha kwamba notisi zinaweza kuandikwa kwa namna nyingine.

Mfano wa kwanza ni wa M.M. Mulokozi. Mwaka 1996 aliandaa kozi ya fasihi ya Kiswahili kwa ajili ya wanafunzi wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, chuo kilichoanzishwa mwaka 1992 kwa ajili ya watu wanaosoma wakiwa mbali. Kazi hiyo ni notisi kwa maana kamili ya neno: iliandikwa kwa mtu asiye na mhadhiri mbele yake. Mazingira hayo yenyewe yana somo. Silabusi ya kawaida huandikwa kwa kutegemea kwamba mhadhiri yupo na ataziba mapengo kwa mdomo. Ikisafiri bila yeye, mapengo husafiri nayo. Anayemwandikia mwanafunzi wa mbali tangu mwanzo hulazimika kueleza istilahi, kutoa mifano na kumwonyesha msomaji njia ya kufikia hitimisho, si hitimisho peke yake. Msomaji wa Nizi naye ni mwanafunzi wa mbali, hata kama jina lake limeandikwa katika daftari la chuo kilicho saa chache kutoka kwao.

Mfano wa pili unatoka Kongo kwenyewe, na ni wa sanaa ya uchoraji. Katika miaka ya 1973 na 1974, mchoraji Tshibumba Kanda Matulu alimletea Johannes Fabian, mjini Lubumbashi, mfululizo wa picha takriban 100 za historia ya nchi yake, kuanzia zamani za wazee hadi Zaire ya wakati ule. Wawili hao walizungumza juu ya picha hizo kwa Kiswahili cha Shaba. Fabian alipotoa kitabu chake mwaka 1996, aliziweka picha pamoja na mazungumzo: masimulizi ya mchoraji, maswali ya mtaalamu, na pia mahali ambapo hawakuelewana. Hizo nazo ni notisi juu ya kazi za sanaa, lakini hazikufuta kusitasita. Msomaji huona picha, husikia mchoraji akiieleza, na hubaki na nafasi ya kuuliza ambalo Fabian hakuuliza.

Mfano huu unazindua jambo jingine. Kiswahili kilichotumika katika mazungumzo hayo hakikuwa sanifu, na hakuna kilichopungua katika uzito wa mawazo. Mwanafunzi wa Bunia mara nyingi hupewa notisi za fasihi ya Kiswahili kwa Kifaransa, kisha hutakiwa ajibu kwa Kiswahili sanifu ambacho hakisemi nyumbani wala sokoni. Kati ya lugha hizo mbili za darasani, ile anayofikiria kwayo haina nafasi. Si lazima mtihani uandikwe kwa lahaja ya Ituri ili kasoro hiyo irekebishwe. Inatosha mjadala wa darasani uruhusiwe kuanza kwa lahaja hiyo, ili neno mai litamkwe kabla neno ishara halijafika kulifunika.

7.0 Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba notisi za masomo ni matini zinazostahili kuhakikiwa kama matini nyingine. Zina historia, kama kisa cha Saussure kinavyothibitisha. Zina umbo, ambalo katika fasihi ya Kiswahili limetokana na ubishi hai wa miaka ya 1970 na 1980 na kukauka hadi kuwa jedwali. Zina matokeo, ambayo humwangukia zaidi msomaji wa pembezoni.

Marekebisho yanayofuata kutokana na hayo ni machache, na hakuna hata moja linalohitaji fedha. Kwanza, kila karatasi ya notisi iwe na jina la aliyeiandika na mwaka aliouandikia, ili msomaji ajue anabishana na nani. Notisi zisizo na mwenyewe husomwa kama maandiko matakatifu. Pili, kila kauli juu ya kazi ionyeshe sehemu ya kazi inayoitegemea, hata kama ni onyesho moja au ukurasa mmoja, ili siku kitabu kikipatikana kauli hiyo iweze kupimwa. Pale ambapo nakala moja tu ya tamthilia ipo, onyesho moja likinakiliwa kwa mkono na kusomwa kwa sauti darasani lina faida kuliko kurasa 20 za muhtasari wake. Tatu, pale wahakiki wanapotofautiana, notisi ziseme wanatofautiana. Nne, mwisho wa kila notisi uachwe na swali ambalo mwandishi wake mwenyewe hana jibu lake, na nafasi tupu chini yake.

Kwa notisi za Kinjeketile, swali hilo halina haja ya kutafutwa mbali. Mle kifungoni wamo wawili, mmoja anakataa kukiri na mwenzake anamsihi akiri. Mwanafunzi wa Nizi aulizwe yeye angemwambia nini Kinjeketile usiku ule, kisha aachiwe nusu ukurasa ajibu.